Somo Yangu wa Ngombezi

Kwetu Korogwe, mtoto aliyelia bila kusema kinachomliza hakutishiwa chui wala zimwi. Aliambiwa neno moja tu: Lutindi. "Endelea hivyohivyo, utapelekwa Lutindi." Mama alilitamka huku akipembua mchele, bila hata kuinua macho, na kilio kilikatika papo hapo. Sikuwa nimewahi kufika huko. Nilijua tu kwamba ni juu, kwenye milima ya Usambara tuliyoiona kila asubuhi kutoka Kilole ikiwa imejifunika ukungu, na kwamba anayepandishwa huko hashuki akiwa yuleyule.

Nimefanya kazi ya unasihi katika chuo kikuu kwa miaka 19, na sasa nimestaafu. Walioingia ofisini kwangu walitoka kila pembe ya nchi: Pemba, Kasulu, Loliondo, Masasi, watoto wa wachungaji na watoto wa wafugaji. Wengi wao walianza na maneno yaleyale: "Mama, mimi si kichaa, ila..." Wengine waliyasema kabla hawajaketi. Kila nilipoyasikia nilirudishwa Kilole, kwenye ungo wa mama. Hofu ile naijua ilikotoka. Nilikuwa miongoni mwa waliokuwa wakiipanda.

Lutindi ina historia ambayo utotoni hakuna aliyetusimulia. Wamisionari wa Kijerumani waliifungua mwaka 1896 iwe makao ya watoto waliokombolewa utumwani. Mwaka 1904 ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, miaka 6 kabla ya Mathari ya Nairobi na miaka 23 kabla ya Mirembe ya Dodoma. Ipo hadi leo chini ya Kanisa la Kilutheri, na wagonjwa wake hufanya kazi za mikono na kulima kama sehemu ya kupona kwao. Wilaya yetu, ambayo wasafiri wengi wanaijua kwa machungwa yanayouzwa dirishani mwa basi, ilikuwa na mahali pa kumpumzisha aliyechoka akili kabla ya miji mikubwa kufikiria jambo hilo. Na waliolala pale kabla ya mgonjwa yeyote walikuwa watoto waliotenganishwa na mama zao. Laiti mtu mmoja angetusimulia hivyo, nadhani mambo mengine yasingetokea kama yalivyotokea.

Darasani tulikuwa wawili wenye jina moja. Jina lenyewe sitalitaja, kwa kuwa si langu peke yangu. Kwetu wenye jina moja huitana somo, na somo ni karibu sawa na ndugu: ukipata embe unamkatia, akipigwa unaulizwa ulikuwa wapi. Mwalimu alituita Mkubwa na Mdogo, maana mwenzangu alinizidi kimo. Mimi nilikuwa mtoto wa karani wa stesheni. Yeye alitoka Ngombezi, kambi ya mkonge.

Anayetaka kujua kilichonifundisha kazi yangu asiulize chuo nilichosomea. Ni Ngombezi. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilipita Korogwe na kufika Mombo mwaka 1905, na mashamba ya mkonge yakaifuata kama ndama anavyomfuata ng'ombe. Mkonge wenyewe ulikuwa mgeni, umetoka Amerika. Katika miche iliyoagizwa mwaka huohuo wa 1893 ilisalimika 62 tu. Kisha wakaletwa watu. Waha kutoka Kigoma, Wabena kutoka Njombe, Wangoni, Wamakonde waliovuka Ruvuma, watu wa Rwanda na Burundi, kila mmoja na kipande chake cha kazi. Vibarua hao waliitwa manamba. Utotoni kwangu jina hilo lilikuwa bado tusi midomoni mwa sisi wenyeji. Lakini kambini, jioni korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, ikishanyamaza na ile harufu kali ya maji ya mkonge imetulia, nyumba moja ilipika ugali wa muhogo, ya pili viazi, ya tatu ilicheza ngoma ambayo majirani hawakuielewa ila walikuja kuitazama. Nilikuwa nikienda kwa somo yangu kwa kisingizio cha hesabu, nikabaki hadi baba anitume mtu.

Yeye naye alikuja kwetu. Alikuwa amejifunza kumsalimia mama kwa Kisambaa, "Onga makeo," kwa lafudhi ya Kibena iliyomfanya mama aweke ungo chini ili acheke vizuri. Hata saa za jioni alisalimia hivyohivyo, salamu ya asubuhi, kwa kuwa hakujua nyingine. Hakuna aliyemsahihisha.

Mwaka 1981, tukiwa darasa la saba, mama yake alifariki.

Kwetu msiba una watu. Wanawake hulala kwenye mikeka siku nyingi, na mtoto aliyefiwa haachwi peke yake hata anapokwenda kuoga. Kambini matanga yalikuwa mafupi. Shamba halikungoja. Baba yake alirudi kukata mkonge siku ya tatu, shangazi walikuwa Njombe, na barua ilichukua majuma. Somo yangu alirudi shule Jumatatu, sare imefuliwa, na hakulia. Mwalimu mmoja alimsimamisha mbele ya darasa akamsifu kwa uvumilivu. Tukampigia makofi. Nimesoma vitabu vingi juu ya majonzi tangu siku hiyo, lakini hakuna ukurasa ulionirudia mara nyingi kama makofi yale.

Baada ya miezi kadhaa alianza kutoka usiku na kutembea kwenye njia ya matoroli katikati ya mkonge, akizungumza na mama yake kwa Kibena. Walimpeleka kwanza Handeni kwa mganga, kama walivyofanya watu wengi, kwa kuwa waganga wa Handeni sifa zao zilivuka mipaka ya mkoa. Kisha wakampandisha Lutindi.

Alirudi kabla ya mtihani wa mwisho. Alikuwa amenyolewa, na alitembea taratibu, mikono imekakamaa kidogo. Siku hizi ninajua kwamba zilikuwa dawa. Alisimama mlangoni. Dawati letu lilikuwa la watu wawili, na nilikuwa nimekalia katikati. Mwalimu akauliza, "Nani atakaa naye?" Nikainama, nikaanza kutafuta kitu kwenye mkoba. Nilitafuta muda mrefu sana. Mwishowe mvulana mmoja wa kambini akasogea, na somo yangu akapita pembeni yangu akaenda kukaa nyuma.

Hilo watu walilisahau. Lililobaki ni la jina. Sokoni Manundu wanawake walianza kuulizana, "Yupi? Wa Lutindi, au huyu mzima?" Haikupita hata wiki mbili nikakataa kuitwa jina langu. Nilibandika jina la babu kwenye daftari zote, nikawaambia wenzangu kwamba sitaitika lingine, na kila mtu mzima nyumbani aliona ni busara. Miaka mingi baadaye, kwenye kibao cha mlango wa ofisi yangu, jina letu liliandikwa kwa herufi moja na nukta.

Nilifika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka 1991. Siku za mtihani tulisikia kwamba fulani "amechanganyikiwa" na kwamba amechukuliwa usiku. Maelezo yalikuwa mamoja tu: amesoma kupita kiasi. Tuliyapokea kwa ahueni, kwa sababu kusoma sana hakukumwaibisha mtu, wala hakukutulazimu kuuliza nani alikuwa akimsikiliza mwenzetu kabla ya usiku ule.

Nilianza kazi mwaka 2005, katika chuo ambacho sitakitaja. Mwaka huohuo Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilianza kazi, na miaka iliyofuata sura za wanafunzi zilibadilika. Walikuja watoto ambao katika ukoo wao hakuna aliyewahi kulala bwenini, wala kuandika jina lake kwenye fomu ya benki. Wakija na bumu lao, fedha za kujikimu ambazo vitabu vya serikali vinasema ni za chakula na malazi ya mtu mmoja, waligawana na mdogo aliye kidato cha pili na mama aliye na deni la mbolea. Nimewaona wakila mara moja kwa siku na kuita hali hiyo "kubana matumizi". Kijana wa namna hiyo akishindwa masomo, akapata sapu mbili, yaani mitihani ya kurudia, akaogopa kudisko, kuondolewa chuoni, kinachomtikisa si alama. Anaona ukoo mzima umekaa mgongoni mwake.

Mwanzoni hawakuja. Kibao kiliandikwa "Ushauri Nasaha", na maneno hayo mawili yalikuwa yameshachukuliwa na ukimwi. Vituo vya Angaza vilianza mwaka 2001, matangazo yake yakasikika kila redio, na nchi nzima ikajifunza kwamba ushauri nasaha ni kile unachopewa kabla ya kupimwa damu. Mwanafunzi aliyeonekana akitoka kwangu aliulizwa bwenini majibu yamekuwaje. Niliomba kibao kiondolewe. Nikahamia chumba cha nyuma ya maktaba, ambako mtu angeweza kusema alikuwa anarudisha kitabu. Ndipo wakaanza kuja.

Wamarekani walioandika vitabu nilivyosomea, Carl Rogers akiwa mbele yao, walinifundisha kumsikiliza mtu bila kumhukumu, na hilo sijaliacha. Lakini vitabu vile havikujua shikamoo. Kijana akiingia husema "Shikamoo," nami nikaitika "Marahaba," na kabla hatujaanza, mmoja wetu ameshakuwa mzazi. Nilijaribu kupambana na hilo mwanzoni, nikitaka tuwe sawa. Nilikosea. Walihitaji mzazi asiyepiga kelele. Rafiki walikuwa nao. Vitabu viliniambia nimtazame mtu machoni ili ajue namsikiliza. Binti wa Kimasai aliyekuja mwaka wangu wa pili alinitazama magoti kwa vikao vitatu, nami nikaandika kwenye faili kwamba hashiriki. Kikao cha nne nilichukua kikapu cha njegere, nikampa nusu tumenye sote. Mikono ikawa na kazi, macho yakawa na pa kwenda. Alisema yote siku ile.

Mwanafunzi wa Pemba aliniambia ameingiliwa na kitu tangu alipovuka bahari. Wa kanisa la walokole aliniambia yuko kwenye vita vya kiroho. Mwanzoni nilikuwa nikiwarudisha taratibu kwenye maneno yangu: msongo, sonona, hofu. Nikaona kwamba kila nilipofanya hivyo walinyamaza kwa adabu. Basi nikaacha kuwasahihisha, kama mama yangu alivyoacha kusahihisha "Onga makeo" ya jioni. Nilimuuliza wa Pemba kitu hicho kinamjia saa ngapi, na kinataka nini. Akasema kinakuja alfajiri, na kinataka arudi nyumbani. Tulikuwa tumeelewana.

Wapo ambao sikuwatendea haki, na lazima niwataje. Mwanafunzi kiziwi aliletwa kwangu na mkalimani wa lugha ya alama ambaye alikuwa mwanafunzi mwenzake wa darasa. Nani angeweza kufungua moyo hivyo? Kila siri ingetoka pale ikiwa na mashahidi wawili. Niliomba mkalimani wa nje, sikupata, nikaendelea hivyohivyo kwa wiki sita. Aliacha kuja. Baadaye nilijifunza kuandikiana naye kwenye daftari, lakini kwa Kiswahili, ambacho kwake kilikuwa lugha ya pili baada ya alama, na sentensi zake zilikuwa fupi mno kuliko maumivu yake.

Na palikuwa na usiku ambao wanafunzi wa chumba kimoja walikaa na mwenzao aliyejaribu kujidhuru, wakabishana kama wampeleke hospitali. Walikuwa wamesikia kwamba kujaribu kujiua ni kosa, na ni kweli: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 217, inakuhesabu hivyo. Waliogopa polisi, wakaogopa chuo, wakaogopa jina lake litakavyoitwa asubuhi. Walinipigia simu badala yake. Nilifika nikampakia mimi mwenyewe kwenye teksi. Alipona. Nilipowauliza wale vijana kwa nini walichelewa saa nzima, mmoja alinijibu, "Mama, tulikuwa tunamlinda." Nilielewa. Kwetu pia watu wazima walidhani wananilinda waliponikubalia nibadili jina.

Kisha akaja kijana wa Kasulu. Alikuwa mwaka wa kwanza, halali, hali vizuri. Katikati ya mazungumzo aliniuliza kwetu ni wapi, swali ambalo vitabu vinasema mnasihi asilijibu haraka. Nikajibu: Korogwe. Akanyamaza kidogo. "Huko ndiko babu alikopotelea," akasema. Babu yake alikwenda mkonge akiwa kijana, akatuma barua mbili, basi. Bibi alimngoja hadi akafa. Katika familia yao, anayeondoka kwenda mbali kusoma au kufanya kazi huangaliwa kama mtu anayeagwa moja kwa moja, na mama yake alilia stendi ya basi kama anayelia msibani. Mtoto yule alikuwa anaishi chuoni akiwa tayari ameshazikwa. Nilimweleza Ngombezi ilivyokuwa: safu za nyumba, korona, muhogo, ngoma ya jioni. Nilimweleza kwamba wengi hawakupotea. Walioa, walizaa, wamezikwa pale kando ya mkonge na majirani wa makabila kumi. Alinisikiliza mdomo wazi. Sikumweleza kwamba sisi watoto wa mjini tuliwaita manamba wazazi wao tukiwa nyuma ya migongo yao.

Siku hizi wanafunzi wana maneno tusiyokuwa nayo. Wanasema sonona, wanasema afya ya akili, wanaandika mitandaoni kwamba wana stresi, na redio zina vipindi. Ninafurahi. Lakini wakitaniana bado wanasema dishi la fulani limeyumba, na mlangoni bado wanaangalia kushoto na kulia. Kitu kingine kimezidi kuwa kigumu, nacho ni msiba. Zamani mwanafunzi alipelekewa habari na mtu, akasindikizwa. Sasa simu inalia katikati ya wiki ya mitihani, na jioni anatumiwa picha za kaburi la baba yake lililokwisha kufukiwa. Binti mmoja aliniletea simu ile mkononi, akaniomba barua ya kuahirisha mtihani. Niliiandika. Kisha nilitandika mkeka sakafuni ofisini, nikawaita wasichana watatu wa chumbani kwake, tukakaa naye hadi giza likaingia, hatusemi kitu cha maana. Hakuna mwongozo wa kazi ulionielekeza hivyo. Nilikuwa nafanya, nikiwa nimechelewa miaka zaidi ya 30, kile ambacho kingepaswa kufanyika Ngombezi.

Treni ya abiria ilirudi kwenye reli ya kaskazini Desemba 2019, baada ya miaka mingi ya kimya. Nilipostaafu niliipanda kutoka Dar es Salaam nikashuka Korogwe, stesheni ambako baba yangu aliandika tiketi kwa mkono. Siku ya pili nilikwenda Ngombezi. Nyumba za safu bado zipo, nyingine hazina paa. Nilielekezwa kwa mdogo wa kiume wa somo yangu, ambaye sasa ana kibanda cha machungwa barabarani. Nilipomwona mwisho alikuwa mtoto wa kubebwa mgongoni.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

Alinikatia chungwa kabla ya kuniuliza shida yangu. Nikamwambia nilisoma na dada yake. Akanitazama vizuri. "Wewe ni yupi?"

Nikamtajia jina. Lile letu, lote, kwa sauti. Muda mrefu nilikuwa sijalisikia likitoka mdomoni mwangu.

Akaweka kisu chini. Aliniambia dada yake yu hai, alirudi Njombe kwa shangazi zamani sana, aliolewa, ana shamba la viazi na wajukuu. Akatoa simu, akapiga. Walisemezana kwa Kibena. Alicheka kidogo, akasema jina letu mara mbili, kisha akawa anasikiliza tu. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuipokea simu.

"Anasema salamu zimefika," akaniambia.

Nikangoja.

"Anauliza kama bado unaitwa hivyo."

Simu ilikuwa bado hewani.